Alama ya kufuta kwenye FoxPro na jamii yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

FoxPro ni programu ya zamani ya kutunza data kwenye majedwali, na ukifuta rekodi humo, kwanza inawekewa alama tu. Maswali haya kuhusu alama hiyo nimeyakusanya katika kazi ya kutunza mifumo ya zamani hapa Mwanza: maghala ya dagaa Mwaloni Kirumba, maduka ya dawa Igoma, SACCOS ndogo za Ilemela, na ofisi mbili tatu ng'ambo ya ziwa, Nansio, kisiwani Ukerewe. Mengi huulizwa kwa simu, jioni, wakati aliyeuliza ameshabonyeza. Ndiyo maana nimeyaandika: nataka jibu limfikie mtu kabla ya kidole.

Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwa jingine. Ukiwa na haraka kwa sababu umefuta kitu sasa hivi, ruka hadi swali la 6, na usiguse PACK, amri ya kuondoa kabisa, hadi ulisome.

## Mwanzo

1. Nikitoa amri ya DELETE, rekodi inaenda wapi?

Haiendi popote. Inabaki palepale ilipokuwa, na kila herufi yake. Kinachobadilika ni baiti moja tu.

Faili la DBF, yaani faili ambamo FoxPro huhifadhi jedwali, limepangwa hivi: mwanzoni kuna kichwa chenye maelezo ya jedwali (idadi ya rekodi, urefu wa kila rekodi, majina ya safu), kisha rekodi zinafuatana moja baada ya nyingine, zote zikiwa na urefu uleule. Baiti ya kwanza ya kila rekodi si ya jina wala ya namba ya simu. Ni ya alama. Rekodi ikiwa hai, baiti hiyo ni nafasi tupu. Ukitoa DELETE, inageuka kinyota, yaani *. Basi.

Mama mmoja wa Mwaloni nilimweleza kwa kaunta buku yake. Mteja akimaliza deni, yeye hachani ukurasa, anapiga mstari juu ya jina. Jina bado linasomeka. Akigundua kwamba amepiga mstari jina ambalo silo, anaandika "bado" pembeni na deni linaendelea. "Kumbe mwanangu kompyuta nayo inapiga mstari tu," akasema. Ndivyo.

2. Kwa nini waliitengeneza hivyo, badala ya kufuta moja kwa moja?

Kwa sababu ya ule urefu sawa wa rekodi. Tuseme jedwali la mapokezi ya dagaa lina rekodi 50,000, kila moja baiti 200. Hilo ni faili la baiti 10,000,000. Ukitaka kuitoa kabisa rekodi ya 10, lazima rekodi 49,990 zinazofuata zisogezwe nafasi moja nyuma. Enzi ya dBASE, mwanzoni mwa miaka ya 1980, data ilikaa kwenye diski laini, na kazi hiyo ingemfanya karani asubiri muda mrefu kwa kila kosa dogo. Kubadilisha baiti moja ni kazi ya mara moja.

Faida ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa, ni kwamba binadamu anapata nafasi ya kujirudi.

3. Haya yanahusu lugha zipi?

dBASE, Clipper, FoxPro, Visual FoxPro na Harbour. Zote ni za ukoo mmoja na amri za msingi ni zilezile: DELETE, RECALL, PACK, ZAP, SET DELETED. Mifano ya hapa ni ya Visual FoxPro kwa kuwa ndiyo ninayoikuta zaidi. Toleo lake la mwisho ni la 9, lililotoka mwaka 2004, na Microsoft iliacha kulihudumia Januari 2015. Harbour ni ya bure na bado inaendelezwa, kwa hiyo programu nyingi za Clipper zinaweza kuhamishiwa huko bila kuandikwa upya zote.

Kama mfumo wako unatumia PostgreSQL, MySQL au SQLite, yaani hifadhidata zinazotumia lugha ya SQL, anza na swali la 22.

4. Nitajuaje kwamba rekodi ina alama?

Uliza DELETED(). Ukisimama juu ya rekodi, inajibu .T. kama ina alama na .F. kama haina. Kuziona zote kwa pamoja:

SET DELETED OFF
BROWSE FOR DELETED()

Kwenye dirisha la BROWSE kuna ukanda mwembamba upande wa kushoto. Kisanduku kikiwa cheusi, rekodi hiyo ina alama. Hapo ndipo ajali nyingi zinapotokea: mtu anabonyeza kisanduku akidhani anachagua mstari ili aunakili. Hakuna onyo, hakuna swali la "una uhakika?". Ctrl+T hufanya vilevile. Ukiwa mwenye mfumo, usimpe karani dirisha la BROWSE lililo wazi. Mtengenezee fomu.

## Kuweka alama na kuiondoa

5. Ninawekaje alama kwenye rekodi nyingi kwa wakati mmoja?

DELETE peke yake inaweka alama kwenye rekodi uliyosimama juu yake, hiyo moja tu. Kwa nyingi unaongeza sharti:

DELETE FOR tarehe < DATE(2015,1,1) AND salio = 0

Kabla ya kuandika neno DELETE, andika COUNT yenye sharti lilelile. Ukitegemea rekodi 30 na COUNT ikakuambia 4,000, sharti lako limekosewa na hujapoteza kitu. Kisha tumia BROWSE yenye sharti hilo uzitazame kwa macho. Mimi sijawahi kujutia dakika mbili za COUNT.

Ukipenda kuandika kwa mtindo wa SQL, yaani DELETE FROM mapokezi WHERE ..., Visual FoxPro inakubali, lakini matokeo ni yaleyale: kinyota. Wanaotoka kwenye mifumo mingine hudhani DELETE FROM imeondoa kabisa. Haijaondoa.

6. Nimefuta kimakosa. Naweza kurudisha?

Ndiyo, kama hakuna aliyetoa PACK baada ya hapo. Fanya hivi, kwa utaratibu huu:

Kwanza, waambie wenzako wote watoke kwenye mfumo. Pili, nakili folda nzima ya data kwenye flashi, pamoja na makosa yake. Tatu:

SET DELETED OFF
BROWSE FOR DELETED()

Tazama zilizo na alama. Zote ukizitaka, toa RECALL ALL; RECALL ndiyo amri ya kuondoa alama. Ukizitaka baadhi tu, weka sharti: RECALL FOR namba = "0417".

Tahadhari moja. RECALL ALL inarudisha kila kilichowahi kuwekewa alama, hata kile kilichofutwa kwa haki miaka mitatu iliyopita. SACCOS ikiwa na wanachama 25 waliojitoa zamani na mmoja aliyefutwa leo kimakosa, RECALL ALL itakupa wote 26 wakiwa hai. Kinyota hakisemi kiliwekwa lini wala na nani. Dawa yake iko swali la 19.

7. SET DELETED ON maana yake nini? Nikiiweka ON ndiyo zinaonekana au zinafichwa?

Zinafichwa. Jina limewapotosha wengi, mimi nikiwemo siku za mwanzo. Lisome hivi: "kuheshimu alama, washa". Ikiwa ON, rekodi zenye alama zinarukwa na BROWSE, LIST, SEEK, LOCATE, COUNT, SUM na ripoti. Ikiwa OFF, alama haizingatiwi na zote zinaonekana.

Kuna mahali ambapo hata ON haisaidii. Ukienda moja kwa moja kwa namba, mfano GO 120, utafika hapo hata kama rekodi ya 120 ina alama. INDEX na REINDEX, amri za kujenga faharasa (orodha ya kurahisisha utafutaji), zinapitia rekodi zote bila kujali. RECCOUNT() nayo inahesabu zote.

Halafu lipo hili la Visual FoxPro: kila fomu yenye kipindi chake binafsi cha data (private data session) inaanza na mpangilio wake. Umeweka SET DELETED ON kwenye programu kuu asubuhi, fomu ikifunguliwa haijui. Iweke tena kwenye tukio la Load la fomu hiyo. Nimeitwa Buhongwa na Pansiansi kwa tatizo hilihili: ripoti moja ni safi, nyingine inaonyesha watu waliofutwa.

8. Jumla za ripoti mbili hazilingani. Je, kuna mtu anaiba?

Tafadhali, kabla ya kumtazama keshia vibaya, angalia alama. Chanzo cha kwanza ninachokitafuta ni ripoti moja kutumia COUNT huku SET DELETED ikiwa ON, na nyingine kutumia RECCOUNT(). Ya kwanza ikisema wanachama 412 na ya pili 437, hao 25 ni wenye kinyota. Upande wa pesa, SUM iliyotolewa kwenye fomu yenye ON na SUM ya fomu yenye OFF zitapishana kwa kiasi kilekile cha rekodi zenye alama.

Jaribu hivi:

SET DELETED OFF
SUM kiasi FOR DELETED() TO tofauti
? tofauti

Namba hiyo ikilingana na pengo lako, hakuna mwizi, ni mpangilio tu. Nasema hivi kwa uzito kwa sababu nimeona dada wa watu akisimamishwa kazi wiki mbili kwa pengo lililokuwa la SET DELETED. Ofisi ilimrudisha, lakini wiki mbili hizo aliziishi na macho ya mtaa.

## PACK na ZAP

9. PACK inafanya nini hasa?

Inaliandika jedwali upya ikiacha rekodi zenye kinyota, kisha inajenga upya faharasa zilizofunguliwa. Baada ya hapo RECALL haina cha kurudisha. Huu ndio ufutaji wenyewe. DELETE ilikuwa ombi tu.

10. Nifanye PACK kila lini?

Kuliko mnavyofikiri, mara chache sana. Kuna mifumo niliyoikuta inafanya PACK kila jioni wakati wa kufunga, kwa sababu aliyeitengeneza aliona ni usafi. Ni kujinyima ile nafasi ya kujirudi niliyoisema swali la 2, na faida yake ni ndogo. Kwenye mfano wetu wa rekodi za baiti 200, hata ukiwa na rekodi 20,000 zenye alama, unaokoa baiti 4,000,000 tu. Picha moja ya simu inaweza kuzidi hapo.

Kwa ofisi ndogo, mara moja kwa mwaka baada ya hesabu kufungwa na kukaguliwa inatosha. Sababu ya kweli ya kuwahi ni pale jedwali linapokaribia kikomo cha gigabaiti 2, au zenye alama zinapokuwa nyingi kuliko hai na utafutaji umekuwa mzito.

11. PACK inakataa, inasema faili lazima lifunguliwe peke yake. Nifanyeje?

Kuna mtu mwingine amelifungua, au wewe mwenyewe umelifungua kwa namna ya kushirikiana na wengine (SHARED). Watoe wote, kisha:

USE wanachama EXCLUSIVE
PACK

Ikikataa tena, angalia kompyuta iliyoachwa inawaka chumba cha pili. Katazo hili ni kinga. Hebu fikiri nini kingetokea kama mtu angekuwa anaandika malipo kwenye jedwali linalohamishwa.

12. Umeme ukikatika PACK ikiwa katikati, itakuwaje?

Inaweza kuwa salama, inaweza kuwa msiba. Inategemea lugha, toleo lake, na imefika hatua gani. Unaweza kubaki na kichwa cha faili kinachosema rekodi 8,000 huku zilizopo ni 5,200, au faharasa isiyolingana na jedwali. Kwa sisi tunaoishi kando ya ziwa, ambako radi za usiku si habari, hili si la kubahatisha.

Kwa hiyo: nakala kwanza, kwenye flashi ambayo utaichomoa kabla ya kuanza. Tumia UPS, yaani betri ya akiba ya kompyuta, au kompyuta mpakato yenye chaji. Usifanye wingu likiwa limeshajikusanya juu ya ziwa. Na jedwali likiwa kwenye sava, lilete kwanza kwenye mashine unayofanyia kazi. Waya wa mtandao kuchomoka ni sawa na umeme kukatika. Njia ya swali la 14 inapunguza hatari hii sana.

13. ZAP ni PACK ya haraka?

Hapana! ZAP inaondoa rekodi zote za jedwali, zenye alama na zisizo na alama, na kubakiza muundo mtupu. Ni kama DELETE ALL ikifuatwa na PACK, ila kwa kasi zaidi. Mahali pake ni kwenye majedwali ya muda, yale ya kuandalia ripoti.

14. Kuna njia salama kuliko PACK?

Ipo, nami ndiyo ninayoitumia:

USE wanachama EXCLUSIVE
COPY TO wanach_mpya FOR NOT DELETED() WITH CDX

Umepata jedwali jipya lenye rekodi hai tu, pamoja na faharasa zake (ndiyo kazi ya WITH CDX), na la zamani halijaguswa. Linganisha idadi, linganisha jumla za pesa, fungua rekodi chache unazozijua kwa kichwa. Ukiridhika, lipe la zamani jina lenye tarehe, liweke kando, na jipya lichukue nafasi. Jedwali likiwa ndani ya hifadhidata ya DBC, kuna maelezo ambayo COPY TO haibebi, kama masharti na taratibu zinazojiendesha, kwa hiyo hapo rudi kwenye PACK yenye nakala.

## Faharasa, namba na ndugu wa rekodi

15. Namba ya uanachama inakataliwa eti ipo tayari, na mimi siioni popote. Iko wapi?

Iko chini ya kinyota. Faharasa isiyoruhusu kurudia inahesabu hata rekodi zenye alama, ila SET DELETED ON imeificha machoni pako. Mwanachama 0417 alifutwa mwaka juzi, leo unampa mwingine 0417, faharasa inasema imejaa.

Jibu la haraka ni kujenga faharasa yenye sharti:

INDEX ON namba TAG namba FOR NOT DELETED() CANDIDATE

Lakini jiulize kwanza kama kweli unataka kugawa namba ya mtu aliyetoka. Stakabadhi zake za karatasi bado zipo majumbani. Siku mtu akileta stakabadhi ya 0417, utamlipa nani? Mimi nashauri namba isitumike tena kamwe. Kwa majedwali ya bidhaa sina ubishi.

16. Baada ya PACK, namba za rekodi zimebadilika na viungo vyote vimevurugika. Kwa nini?

Kwa sababu RECNO() ni nafasi ya kukaa tu. Rekodi ya 10 ikiondolewa, ya 11 inakaa nafasi ya 10 na wote wa nyuma wanasogea. Aliyehifadhi RECNO() kwenye jedwali la mikopo kama kiungo cha mwanachama, baada ya PACK anakuta mkopo wa mtu wa Nyegezi umehamia kwa mtu wa Kisesa. Tumia safu ya namba ya kudumu. Kama mfumo wako tayari umefungwa kwenye RECNO(), usifanye PACK mpaka ubadilishwe.

17. Nikimwekea mwanachama alama, mikopo na akiba zake zinafuata?

Hazifuati zenyewe. Jedwali la wanachama halijui habari za jedwali la mikopo. Zitabaki zikiwa hai, bila mwenyewe, na ripoti ya mikopo itaonyesha namba bila jina. Visual FoxPro ina uwezo wa kuweka masharti ya uhusiano: zuia kumfuta mwenye mkopo, au mfute pamoja na rekodi zake za mikopo na akiba. Chagua kuzuia. Mtu mwenye salio hafutwi.

Jambo la kukumbuka: masharti hayo huamka wakati alama inapowekwa. PACK na ZAP haziyaamshi.

18. Naweza kutumia tena nafasi za rekodi zilizofutwa badala ya kuzibana?

Unaweza, na kwenye jedwali la muda ni njia nzuri. Ukitaka kuongeza rekodi, tafuta kwanza yenye alama, irudishe kwa RECALL, isafishe kwa BLANK, kisha andika mpya. Ikikosekana ndipo uongeze mwishoni. Kwa jedwali la watu au pesa usifanye hivyo. Utafuta historia ukidhani unaokoa nafasi.

## Pesa na watu

19. Nitajuaje nani alifuta, na lini?

Kwa kinyota peke yake, huwezi. Ongeza safu tatu: FUTWA_TAR kwa tarehe, FUTWA_NANI kwa jina la aliyeingia, na SABABU. Majina nimeyaweka ndani ya herufi 10 kwa kuwa majedwali huru ya DBF hayakubali zaidi. Kisha usiruhusu mtu yeyote kutoa DELETE tupu. Kila kufuta kupite kwenye utaratibu mmoja unaojaza safu hizo tatu kwanza, ndipo uweke alama.

Hapo ndipo RECALL inapata akili. Unaweza kurudisha vilivyofutwa leo tu, au vilivyofutwa na mtu fulani, na kuacha vingine vikiwa vimelala.

20. Muamala umeingizwa mara mbili. Nifute mmoja?

Usifute. Muamala wa pesa uliokwisha kuandikwa unasahihishwa kwa muamala mwingine wa kinyume chake, wenye maelezo. Mvuvi aliyeandikiwa kilo 80 za sangara mara mbili, unamwandikia kutoa kilo 80, "marudio ya kimakosa", na tarehe. Mkaguzi akija anaona kosa na anaona lilivyosahihishwa. Ukiweka kinyota, anaona pengo kwenye namba za stakabadhi, na pengo halina maelezo. Alama ya kufuta ni ya orodha: wateja, bidhaa, mitumbwi, anwani. Ya leja, hapana.

21. Mtu ameomba taarifa zake ziondolewe. DELETE inatosha?

Haitoshi, na naomba hili lichukuliwe kwa uzito. Ukifungua DBF yenye kinyota kwa programu yoyote ya kuhariri maandishi, utasoma jina, simu na kijiji cha mtu huyo bila shida. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na ndani yake mwananchi ana haki juu ya taarifa zake, ikiwemo kuomba zisizo sahihi zirekebishwe au ziondolewe.

Kiufundi, andika juu ya data kwanza: simama kwenye rekodi, toa BLANK ili safu zote ziwe tupu, kisha DELETE, kisha PACK kwa wakati wake. Kama una safu ya maelezo marefu, maandishi yake yanakaa kwenye faili jingine la FPT, na ya zamani yanaweza kubaki humo hadi PACK ilibane. Halafu kuna flashi za nakala zilizoko kwenye droo ya meneja. Hizo nazo ni mahali taarifa ilipo.

Kuna mvutano hapa na hesabu: huwezi kufuta historia ya mkopo unaotakiwa kuutunza. Tenganisha. Kumbukumbu ya pesa ibaki na namba, taarifa za mtu zisizohitajika tena ziondoke.

## Matawi, na kuhamia mfumo mpya

22. Mfumo wetu mpya ni wa SQL. Kuna alama ya kufuta huko?

Haiji tayari kama kinyota, unaitengeneza mwenyewe. Kawaida ni safu moja ya tarehe na saa, mfano imefutwa_saa: ikiwa tupu rekodi ni hai, ikiwa na tarehe imefutwa. DELETE ya SQL, mara shughuli ikishathibitishwa (COMMIT), haina RECALL. Kwa hiyo badala ya DELETE unafanya UPDATE, na kila SELECT lazima iseme WHERE imefutwa_saa IS NULL. Ukisahau mahali pamoja, umerudi kwenye swali la 8. Tengeneza mwonekano (VIEW) mmoja wenye sharti hilo na ripoti zote zisome hapo.

Tatizo la swali la 15 linakufuata pia. PostgreSQL inaruhusu faharasa ya pekee yenye WHERE imefutwa_saa IS NULL, na SQLite vilevile. MySQL haina faharasa za sharti namna hiyo, utahitaji njia ya kuzunguka.

La kushangaza kwa wengi: hata ndani, PostgreSQL ikipewa DELETE haiondoi mstari papo hapo. Inauacha kama mstari mfu hadi VACUUM, amri yake ya usafi, ipite. Wazo la miaka ya 1980 bado linaishi, limebadilisha nguo tu.

23. Baada ya kuhamisha data, wanachama waliofutwa zamani wamerudi wote. Kwa nini?

Kifaa cha kuhamishia kilisoma safu, hakikusoma ile baiti ya kwanza. Kila rekodi ikahesabiwa hai. Kabla ya kuhamisha, fanya njia ya swali la 14 na uhamishe jedwali safi. Ukitaka kubaki na historia, ongeza safu ya HALI, ijaze kwa REPLACE ALL hali WITH IIF(DELETED(), "F", "H") huku SET DELETED ikiwa OFF, halafu ndipo uhamishe.

24. Tawi la Nansio linaleta flashi kila Ijumaa kwa kivuko. Wao wamefuta, sisi Mwanza bado tunaziona. Kwa nini?

Kwa sababu APPEND FROM, amri ya kuingiza rekodi kutoka faili jingine, inaongeza tu, haifuti. Alama waliyoweka Nansio ipo kwenye faili lao, na nakala yenu ya rekodi hiyo haina habari nayo. Baya zaidi, SET DELETED ikiwa OFF mnapounganisha, hata rekodi zenye alama zinachukuliwa.

Kufuta kunatakiwa kusafiri kama taarifa. Tumieni safu ya HALI ya swali la 23, tawi likiandika "F" badala ya kuweka kinyota, na hapa Mwanza mnasoma safu hiyo kwa namba ya mwanachama na kuweka alama upande wenu. Na kabla ya kuunganisha, SET DELETED ON.

25. Nimeshafanya PACK. Sina nakala. Nifanyeje?

Zima mfumo kwanza, watu wasiendelee kuandika, maana kila kinachoandikwa kwenye diski hiyo kinaweza kukalia mahali data ya zamani ilipokuwa. Usisakinishe programu ya kuokoa data kwenye diski hiyohiyo. Itoe diski, iunganishwe kwenye mashine nyingine, na fundi anayejua atafute faili la DBF la awali. Wakati mwingine hupatikana.

Huku hilo likiendelea, tafuta nakala ambazo hukuziita nakala: faili lililotumwa kwa barua pepe kwa mkaguzi, flashi ya karani aliyehama, ripoti zilizochapwa na kuwekwa kwenye faili la kamba, kompyuta ya zamani iliyoko stoo. Mara moja niliitwa na chama cha akiba ambacho PACK ilikuwa imeondoa wanachama waliowekewa alama kimakosa, mmoja wao akiwa mzee wa Ukerewe mwenye akiba ya miaka. Diski haikutoa kitu. Mhasibu wa zamani alikuwa na kaunta buku tatu nyumbani kwake, mwandiko mdogo, wino wa bluu. Tulikaa siku nne, yeye akisoma mimi nikiandika, na stakabadhi ya mwisho ya yule mzee ililingana na buku hadi shilingi.